Tabia ni Ngozi? Kuyaelewa Matatizo ya Haiba

Mhariri alinitaka niandike jambo linalohusu afya, nami nikachagua jambo tunalolitaja kila siku bila kujua kwamba tunalitaja. Hebu tega sikio bwenini baada ya prepu. Huyu ataitwa kichaa kwa sababu jana alikuwa rafiki yako wa kufa kuzikana na leo hataki hata kukuona. Yule ataambiwa nati zimelegea kwa kuwa anahesabu vitabu vyake mara tatu kabla ya kulala. Mwingine ana majini, na mwingine tena ati ni mbinafsi tangu tumboni mwa mamake. Kisha atatokea mzee wa hekima, aghalabu wa kidato cha nne, afunge mjadala kwa methali: tabia ni ngozi. Yaani mtu hawezi kuivua. Makala haya ni ubishi wangu na methali hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, maana sisi ni watu wa Kiswahili. Lugha yetu ina hulka, ambayo ni maumbile ya moyo mtu aliyozaliwa nayo. Ina tabia, ambayo ni mwenendo unaoonekana na watu. Ina haiba, na neno hili wengi wetu tulilijua kama sifa ya kupendeza: fulani ana haiba, yaani akiingia mahali watu hugeuka. Wataalamu wa saikolojia wamelichukua neno hilo la mwisho wakalipanua. Kwao haiba ni jumla ya namna mtu anavyofikiri, anavyohisi, anavyojiona na anavyohusiana na wenzake, mwaka nenda mwaka rudi. Kila mtu ana haiba, hata yule asiyegeuliwa shingo na mtu. Basi namna hiyo ikipinda kiasi cha kumtesa mwenyewe au kuwatesa walio karibu naye, huitwa tatizo la haiba.

Tofauti ya tatizo hili na maradhi mengine ni kwamba halina tarehe. Malaria ina siku iliyoanza. Hata ugonjwa wa huzuni kali una majira yake, jamaa wa mgonjwa watakwambia, "Tangu mwezi wa tatu huyu si yule tuliyemjua." Lakini ukiwauliza jamaa wa mwenye tatizo la haiba, watakujibu, "Huyu? Tangu zamani yuko hivi." Pale ugonjwa mwingine unapomvamia mtu kutoka nje kama mwizi, huu umekua naye, kama mnazi uliopindishwa na upepo wa kusi tangu ulipokuwa mche. Ndiyo maana mwenyewe mara nyingi haoni kuwa kuna kasoro. Anachoona ni kwamba watu ni wabaya, au kwamba yeye ndiye mbaya.

Daktari hatamki neno hili kwa kumwona mtu siku moja. Hutazama kama mwenendo huo umedumu kwa miaka, kama ulianza kujitokeza katika ujana, kama unaonekana kila mahali (nyumbani, kazini, katika urafiki na mapenzi), na kama kweli unaharibu maisha. Mwanafunzi anayemkalia mwalimu mmoja vibaya ilhali anapatana na wengine wote hana ugonjwa. Labda ana sababu zake. Isitoshe, wataalamu hujizuia sana kumpachika jina hili mtu aliye chini ya miaka 18, kwa kuwa haiba ya kijana bado inafinyangwa. Haikatazwi kabisa, ila lazima dalili ziwe zimekaa mwaka mzima au zaidi, na kuna aina moja, ile ya kutojali haki za wengine, ambayo haruhusiwi kupewa mtu kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hivyo wenzangu mnaopeana vyeo vya ugonjwa kwenye foleni ya maharagwe, tafadhalini.

Wazo la kuzipanga haiba za watu ni kongwe. Wagiriki wa kale walidhani mwili una majimaji manne, damu, makohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba jimaji likizidi ndilo huamua kama mtu atakuwa mchangamfu, mzito, mkali au mwenye huzuni. Waarabu waliirithi elimu hiyo na kuiendeleza, nasi Waswahili tukapata masalio yake katika msamiati: balghamu, yaani makohozi, na safura, ambalo kwa Kiarabu ni ile nyongo ya manjano. Nilipoligundua hilo kamusini nilifurahi kama mtu aliyeokota sarafu ya kale ufukoni. Elimu yenyewe imeshapitwa na wakati, lakini swali lake lingalipo.

Huko Ufaransa, mwaka wa 1801, daktari Philippe Pinel alieleza kuhusu wagonjwa waliokuwa na akili timamu kabisa katika kufikiri lakini wakitawaliwa na ghadhabu wasizoweza kuzizuia. Mwingereza James Cowles Prichard aliandika jambo la kukaribiana na hilo mwaka wa 1835. Mjerumani Kurt Schneider, katika kitabu cha 1923, akaja na kauli ambayo mimi naiona bora hadi leo: kwamba tunaozungumzia ni wale ambao haiba yao huwatesa wao wenyewe, au huitesa jamii. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ndiyo tunayoisahau.

Marekani, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili hutoa mwongozo unaotumiwa katika nchi nyingi. Toleo lake la tano, la mwaka wa 2013, linataja aina 10 katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la watu wanaoonekana wa ajabu au waliojitenga: mwenye shaka isiyokwisha, ambaye ukimpa zawadi atatafuta mtego ndani yake, mpweke asiyetamani kuwa karibu na mtu yeyote, na mwenye mawazo ya kiajabu yanayopita hata yale yanayoaminiwa na watu wa kwao. Hilo la mwisho lina maana kubwa kwetu. Kuamini kuwa kuna majini hakumfanyi mtu wa Pwani kuwa mgonjwa. Daktari anatakiwa ampime mtu kwa mizani ya jamii yake mwenyewe.

Kundi la pili lina watu wenye hisia kali na vituko. Humo yumo anayedanganya na kuumiza bila kujuta, yumo anayetaka macho yote yamtazame yeye, yumo anayejikweza na kudai kusifiwa, na yumo mwenye haiba inayoitwa ya mpakani, ambaye nitamrudia. La tatu ni la waoga: anayewakwepa watu kwa kuogopa kudharauliwa ingawa moyoni anawatamani, tegemezi asiyeweza kuamua jambo bila kuulizia, na anayetaka kila kitu kiwe kamili hadi kazi haimaliziki. (Walimu wa hisabati wasikasirike.) Na yule wetu anayehesabu vitabu mara tatu? Huenda hana lolote. Huenda pia ana maradhi mengine kabisa, yale ya wasiwasi unaomlazimisha mtu kurudiarudia jambo ambalo yeye mwenyewe anajua halina maana.

Mtu akisoma orodha hiyo usiku atajikuta katika aina nne kabla ya kengele ya kulala. Ni kawaida, maana kila haiba ina chembe ya hayo. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake mpya ulioanza kutumika Januari 2022, limeachana na karibu aina zote hizo. Sasa linauliza kwanza: tatizo ni dogo, la wastani, au kubwa? Kisha ndipo huelezwa limeelekea wapi. Kwa maoni yangu huo ni uungwana zaidi, kwani humweleza mtu hali aliyonayo bila kumtia katika kasha lenye jina.

Nalo jina lina nguvu, tena Wakenya tunapaswa kulijua hilo kuliko wengi. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka wa 1910 kama nyumba ya wendawazimu. Kuanzia 1938 hadi 1950 msimamizi wake alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers, ambaye alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu ambamo alidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba anafanana na Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha kijitabu chake kuhusu Mau Mau, watu waliodai ardhi yao, akiwaeleza kana kwamba shida ilikuwa vichwani mwao. Hivyo ndivyo watu wazima wenye shahada walivyoweza kuigeuza haiba ya taifa zima kuwa maradhi. Tangu nilipoyasoma hayo, nikisikia mtu anasema "hao ndivyo walivyo," masikio yangu husimama.

Sasa nije kwenye haiba ya mpakani. Jina hili lilitumiwa mwaka wa 1938 na Adolph Stern, daktari wa New York, aliyeona wagonjwa ambao hakujua awaweke wapi: hawakuwa wazimu, wala hawakuwa watu wenye wasiwasi wa kawaida tu. Wakawa mpakani. Fikra hiyo ya mpaka imeachwa, jina likabaki. Mwongozo wa Marekani huitaja kwa dalili tisa, na mtu akiwa na tano hutambuliwa kuwa nayo. Miongoni mwazo ni hofu kuu ya kuachwa, urafiki unaopanda mbinguni na kushuka kuzimu kwa siku moja, kutojijua mtu yeye ni nani, utupu wa moyo usiokwisha, hasira zisizozuilika, pupa zenye hatari na kujiumiza.

Naandika haya kwa sababu tumeishi nayo nyumbani. Dada yangu (kwa hesabu ya wengine ni binti wa mama mkubwa, lakini kwetu hatutofautishi) ana tatizo hili, na ameniruhusu niandike mradi nisimtaje jina. Tangu akiwa kidato cha pili alikuwa hivyo: rafiki mpya ni malaika, baada ya wiki mbili malaika huyo ni nyoka. Simu isipojibiwa kwa nusu saa, nyumba nzima hatulali. Na kulikuwa na siku alizojiumiza, ambazo sitazieleza. Siku moja nilimuuliza, "Dada, kwani mtu akichelewa kuna nini? Si atarudi?" Akanitazama akasema, "Mdogo wangu, mtu akichelewa wewe unaona amechelewa. Mimi naona ameshanizika."

Jamaa hawakukaa bure, sitawasingizia. Mama mkubwa alimpeleka kwa ustadhi akaandikiwa kombe, akanywa. Upande wa babake wakaleta mganga aliyesema ni jini wa baharini, akadai mbuzi mwekundu. Kombe lilimtuliza, maana alisomewa kwa upole na mtu aliyempa muda wake. Mbuzi hakuacha faida yoyote ila mchuzi. Kisha ikaja zamu ya hospitali. Katika moja alipewa vidonge vya usingizi kabla hajamaliza sentensi ya pili. Katika nyingine, muuguzi aliyekuwa akimfunga kidonda alituambia mbele yake, "Huyu hana ugonjwa, anatafuta kutazamwa tu." Nadhani maneno hayo yalimwumiza kuliko kidonda.

Je, haya hutoka wapi? Utafiti wa mapacha umeonyesha kwamba urithi wa damu una sehemu kubwa, pengine karibu nusu ya jambo lote. Sehemu nyingine ni maisha: wengi wa wagonjwa, ingawa si wote, walipigwa, walidhalilishwa au walitupwa utotoni. Mwanasaikolojia wa Marekani Marsha Linehan ameziunganisha pande hizo mbili kwa njia ambayo hata mimi niliielewa. Kuna watoto, asema, wanaozaliwa na moyo mwepesi wa kuungua: jambo dogo huwachoma haraka, huwachoma sana, na hupoa polepole. Sasa mtoto kama huyo akilelewa mahali ambapo kila akilia huambiwa "nyamaza, hujaumia," hajifunzi kuzijua hisia zake wala kuzituliza. Hujifunza kwamba hasikilizwi mpaka apige ukelele. Si lazima wazazi wawe wakatili. Wanaweza kuwa wazazi wema waliochoka, wenye watoto saba na mmoja tu wa namna hiyo.

Huyu Linehan ana habari yake. Alizaliwa Tulsa, jimbo la Oklahoma, mwaka wa 1943. Mwaka wa 1961, akiwa msichana wa miaka 17, alilazwa katika hospitali ya akili iitwayo Institute of Living, mjini Hartford, akakaa humo zaidi ya miaka miwili. Alikuwa akijiumiza bila kikomo. Walimfungia chumba cha peke yake, wakampa madawa makali, wakampitisha umeme kichwani, na wakamwandikia ugonjwa wa skizofrenia ambao hakuwa nao. Alitoka, akasoma usiku, akawa daktari wa saikolojia na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba ilikuwa katika sala, kanisani Chicago mwaka wa 1967, ndipo alipoanza kuihisi thamani yake. Lakini hakuwaambia wagonjwa wake, "Haya, salini kama mimi." Alikaa miaka mingi akitafuta njia ambayo hata asiyesali ataweza kuifuata, akaijaribu kwa vipimo vya kisayansi. Habari ya kulazwa kwake aliificha hadharani hadi Juni 2011, alipoisimulia katika hospitali ile ile ya Hartford.

Tiba yake ilipewa jina gumu, tiba ya kidayalektiki, lakini maana yake ni nyepesi. Dayalektiki ni kuvishika pamoja vitu viwili vinavyoonekana kupingana. Mgonjwa huambiwa: jinsi unavyohisi kuna sababu zake, na huna budi kubadilika. Ukimwambia la pili peke yake, atasikia lawama ile ile ya utotoni. Ukimwambia la kwanza peke yake, atabaki alipo. Tiba yenyewe huchukua kama mwaka mmoja au zaidi. Kila wiki mgonjwa huonana na mtaalamu wake ana kwa ana, na kila wiki huhudhuria pia darasa pamoja na wenzake. Ndiyo, darasa, lenye kazi za kufanyia nyumbani! Humo hufundishwa stadi za aina nne: kuituliza akili ikae hapa ilipo sasa, kuivumilia dhoruba bila kuongeza madhara, kuzijua na kuzipunguza hisia, na kusema na watu, kuomba na kukataa, bila kuvunja uhusiano. Kati ya vikao mgonjwa huweza kumpigia mtaalamu simu, kabla hajajidhuru, wakakumbushana stadi. Nao wataalamu hukutana wenyewe kwa wenyewe ili wasichoke, kwani kazi hii huchosha.

Stadi nyingine ni za kawaida mno hata mtu ataona anachezewa. Dhoruba ikija, dada yangu hujaza beseni maji baridi, akabana pumzi na kutia uso ndani kwa muda mfupi. Mwili wa binadamu, uso ukiguswa na maji baridi pumzi ikiwa imezuiwa, hupunguza mapigo ya moyo, kama afanyavyo mnyama anayepiga mbizi. Hisia haiondoki, ila hushuka kiasi cha kuweza kufikiri. (Mwenye ugonjwa wa moyo amwulize daktari kwanza.)

Stadi iliyonivutia zaidi ni kuufuata mnyororo. Baada ya siku mbaya, mgonjwa na mtaalamu huandika pingu moja moja yaliyotokea hadi mwisho. Dada alinionyesha mmoja wake. Kulala saa nane usiku. Kutokula asubuhi. Kugombana na utingo wa matatu juu ya chenji ya shilingi 20. Kumpigia rafiki, asipokee. Kuwaza, "Amechoka nami." Kuhisi joto kifuani. Kuandika ujumbe wa matusi. Rafiki kukasirika. "Unaona? Ameniacha kweli." Kisha jioni yenyewe. Mimi niliutazama ule mnyororo nikadhani pingu ya kukatwa ni ile ya rafiki kutopokea simu. Mtaalamu wake alianza na uji wa asubuhi. Walikata hapo kwanza, kwa kuwa hapo palikuwa rahisi, wakapanda kidogo kidogo hadi kwenye lile wazo la "amechoka nami," ambalo liliwachukua miezi.

Je, tiba hii ina ushahidi? Unao. Mwaka wa 1991 Linehan alichapisha utafiti uliowagawa wanawake wenye tatizo hili makundi mawili, wengine wakapata tiba yake na wengine tiba za kawaida. Mwaka ulipoisha, waliopata tiba yake walikuwa wamejiumiza mara chache zaidi, walilazwa hospitalini siku chache zaidi, na wengi wao hawakuiacha tiba njiani. Tafiti nyingi zimefuata. Wala si njia pekee. Huko London, Anthony Bateman na Peter Fonagy walianzisha tiba inayomfundisha mtu kujiuliza ni nini kinachopita akilini mwake na mwa mwenzake kabla hajakata shauri, na utafiti wao wa 1999 nao ulionyesha nafuu. Njia hizi zote zinafanana kwa jambo moja: ni mazungumzo ya muda mrefu, yenye mpango, pamoja na mtu asiyekimbia.

Na dawa? Hapa wengi hukata tamaa, kwa maana tumezoea kwamba ugonjwa ni sindano. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa mahususi kwa tatizo la haiba ya mpakani, na mwongozo wa Uingereza wa 2009 unawaambia madaktari wazi wasitumie dawa kulitibu tatizo lenyewe. Dawa hutolewa kwa maradhi yanayoambatana nalo, kama huzuni kali au kukosa usingizi, kwa uangalizi. Ukimwona mtu amejazwa vidonge vya aina tano na hakuna aliyekaa naye kuzungumza, hapo pana ulizo. Aidha, nisijifanye kwamba aina zote hutibika sawa. Kwa wale wasiojali haki za wengine ushahidi wa tiba ni mdogo bado, na wenye shaka nyingi mara nyingi hawafiki hata mlangoni pa daktari, kwani hata daktari humshuku.

Kuhusu ile methali, jibu nililipata katika utafiti mmoja wa Marekani, wa hospitali ya McLean karibu na Boston, chini ya Mary Zanarini. Waliwafuata wagonjwa 290 wenye haiba ya mpakani, waliokuwa wamelazwa, wakawa wanawapima kila baada ya miaka miwili. Katika miaka 10, wagonjwa 93 katika kila 100 walikuwa wamepata angalau kipindi cha miaka miwili bila kutimiza tena vigezo vya ugonjwa. Hao ni wale waliofikia kulazwa, waliosemekana hawana dawa! Lakini utafiti huo huo una nusu chungu: waliofikia kupona hasa, kwa maana ya kuwa na uhusiano mzuri na mtu na kumudu kazi au masomo, walikuwa kama nusu tu. Kwa hiyo dhoruba hupungua mapema. Kujenga maisha baada ya dhoruba huchukua muda zaidi. Dada yangu yuko hapo sasa. Hajajiumiza kwa mwaka na miezi kadhaa, na bado anahangaika kudumu katika kazi.

Kwetu Kenya taabu ni kwamba wataalamu ni wachache, tena wengi wako Nairobi, na vikao vya kila wiki vina gharama. Sheria nayo ilikuwa kikwazo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hivyo jamaa wengi waliogopa kumpeleka hospitalini wasije wakakutana na polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kabla ya hapo, mwaka wa 2022, Sheria ya Afya ya Akili ilikuwa imefanyiwa marekebisho yanayozitaja haki za mgonjwa na wajibu wa serikali za kaunti. Karatasi hizo ni njema. Sasa tunangoja watu.

Kwa anayejiona humu, au anayemwona mwenziwe, nitaandika tuliyoyafanya sisi. Kwanza, usimwambie mtu ugonjwa wake. Mwambie ulichokiona na kwamba unamhofia. Akikwambia anawaza kujidhuru, usiweke siri hiyo hata akikuapisha. Mwende pamoja kwa mwalimu mshauri au mwalimu unayemwamini siku hiyo hiyo, wala usimwache peke yake. Kuna simu ya watoto, nambari 116, haitozwi pesa. Akiwa ametulia usimkatize kwa "lakini," wala usimwahidi usiloweza, kama kusema utakuwa naye kila saa. Sema utarudi saa kumi, kisha urudi saa kumi. Katika hospitali kubwa ya kaunti ulizeni kliniki ya afya ya akili, si chumba cha dharura pekee, na mwombe kuonana na mtaalamu wa ushauri pamoja na daktari. Nendeni na daftari lenye tarehe: lini alifanya nini, kulitangulia nini, alikuwa amelala saa ngapi, amekula nini. Daktari wa tatu aliyemwona dada yangu alilisoma daftari la mama mkubwa, kurasa kumi na moja za mwandiko wa penseli, kabla hajauliza swali hata moja.